Fundi Sikio na Spika Nne

Ukimpelekea Shangazi spika mbovu, usijisumbue kumweleza inaumwa nini. Atakunyamazisha kwa kiganja, ataiwasha, atainamisha kichwa upande wa kushoto, na kabla hujavuta kiti ukae atakuwa ameshakuambia: karatasi imechanika kwa chini, au waya wa ndani umelegea, au spika yako ni nzima kabisa ila wewe ndiye uliyeifunga kinyumenyume. Hilo la mwisho hulisema kwa raha isiyofichika. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, naye hakujifanya kulikataa jina hilo. Aliliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake, kwa herufi kubwa kuliko zilivyohitaji kuwa.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye spika. Alianza akiwa binti aliyeajiriwa kufagia duka la kutengeneza redio. Siku moja fundi wa duka, mtu mwenye vidole vinene kama ndizi, alikuwa akihangaika kuzungusha waya mwembamba kuliko unywele kwenye kikombe kidogo cha karatasi, akiukata kila mara na kutukana. Binti akaweka ufagio chini akasema, "Hebu lete." Akauzungusha waya ule mara mia moja na kumi bila kuukata, na kuanzia siku hiyo ikabidi atafutwe mtu mwingine wa kufagia. Baadaye akaolewa. Mume akamwambia achague, yeye au hayo masanduku yanayonguruma, na Shangazi akachagua. Ukimuuliza kama anajuta, atakuuliza kama umekuja na spika au umekuja na umbea.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, harufu ya gundi, na karatasi za spika zilizotundikwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo kama sufuria za jikoni. Mfukoni mwa aproni hakukosa betri ya tochi. Akishaiweka spika mezani, aligusisha nyaya zake mbili kwenye betri ile. Karatasi ikiruka kuja mbele, nyaya ziko sawa. Ikizama ndani, zimegeuzwa. Maana spika mbili katika chumba kimoja, moja ikisukuma huku nyingine inavuta, zinalana, na besi inapotea watu wasijue imekwenda wapi. Mafundi wa siku hizi wana vyombo vya kupimia vyenye vioo na taa. Shangazi alikuwa na betri, kiganja na sikio, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Mtu aliyempenda kuliko spika zote alikuwa mmoja tu, mtoto wa kaka yake. Kaka alikuwa dereva wa malori ya mbali, na mke wake alipofariki, mtoto wa miaka mitano aliletwa karakana na mfuko mmoja wa nguo. Alifanyia kazi za shule juu ya sanduku moja la spika na kulia chakula juu ya jingine. Shangazi alijaribu kumrithisha ufundi, lakini mtoto yule hakuwa na sikio hata la dawa. Alichokuwa nacho ni pua na ulimi. Akiwa na miaka tisa aliweza kusimama mlangoni akasema maharage ya nyumba ya tatu yameanza kuungua, na majirani wakaenda kutazama wakakuta kweli. Shangazi akakubali yaishe, akampeleka kujifunza upishi, na tangu hapo akamwita Mpishi hata kabla hajajua kukaanga yai.

Mpishi alipata kazi kwenye jiko la hoteli kubwa, chini ya mpishi mkuu, mama mmoja aliyetoka Meksiko. Mama huyo alimfundisha kuloweka mahindi kwenye maji ya chokaa, kuyasaga, kuyakanda na kuyageuza chapati laini zisizopasuka zikikunjwa. Aliporudi kwao alimwachia flashi yenye nyimbo mia tatu za magitaa na matarumbeta, akamwambia chakula chake hakiliwi kimyakimya. Miaka minne baadaye Mpishi, sasa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akafungua mgahawa wake mwenyewe wa chakula cha Kimeksiko. Chakula kikuu cha hapo kilikuwa na jina la kigeni linalofanana mno na lile la sehemu ya mwili ya kukalia, na Shangazi alikataa katakata kulitamka mbele ya watu wazima. Yeye alikiita "zile chapati za kukunja," na ole wake mhudumu aliyejaribu kumsahihisha.

Chumba cha mgahawa zamani kilikuwa duka la vigae. Sakafu ilikuwa ya vigae, kuta zilikuwa na vigae mpaka usawa wa bega, na ukuta mmoja mzima ulikuwa wa sampuli, hakuna kigae kilichofanana na jirani yake. Mpishi aliupenda ukuta ule akauacha ulivyo. Meza zilikuwa kumi na moja, viti vya chuma, na dirisha la kupitishia sahani kutoka jikoni. Ukidondosha kijiko, kuta zote nne zilikujibu.

"Spika ni juu yangu," Shangazi alisema siku alipoletwa kukiona chumba. "Na usiniulize bei, utaniudhi."

Alizitengeneza kwa wiki tatu. Masanduku manne ya mbao, aliyapiga msasa kwa mkono, akaunganisha kila waya mwenyewe. Asubuhi ya kufungua mgahawa, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, alizifunga kwenye pembe nne za chumba, akachomeka ile flashi na kuanza kurekebisha sauti. Besi ilikaa mara moja. Tatizo lilikuwa tarumbeta. Kila alipoisikiliza aliiona kama imefunikwa shuka, basi akapandisha sauti nyembamba, akasikiliza, akapandisha tena.

"Viwanda vimeoza," alinung'unika. "Hivi vispika vidogo vya sauti nyembamba wanavitengeneza ovyo siku hizi. Mwaka wa sita huu, kila mwaka lazima nipandishe zaidi ya mwaka jana."

Alipandisha mpaka tarumbeta ikafunguka, ikang'aa, ikawa tarumbeta. Kisha akamgeukia Mpishi aliyekuwa amesimama katikati ya chumba.

"Imekaaje?"

"Imekaa, Shangazi."

"Imekaa vizuri au imekaa tu?"

"Vizuri sana, Shangazi. Sana."

Macho ya Mpishi yalikuwa yamejaa machozi. Shangazi aliyaona, akadhani ni furaha, akampiga bega na kwenda zake kunawa gundi.

Basi ikawa desturi yake, kila Jumatano saa sita kamili, kwenda kula kwa mwanawe. Mlangoni alikuwepo mhudumu mkuu aliyeitwa Mama Trei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Mama Trei akimwona Shangazi anatokeza kwenye kona ya barabara, aligeuka na kuingia ndani haraka kama mtu aliyesahau maziwa jikoni. Shangazi alipofika, tarumbeta zilikuwa zinamlaki. Ndani palikuwa na watu wanne, watano, wamekaza mabega, wanakula upesi na kuondoka. Alisema watu wa siku hizi wana haraka. Mpishi alimletea chapati zake za kukunja pamoja na bakuli la sosi ya kijani aliyoisaga mwenyewe, ya pilipili mbichi, giligilani na ndimu, sosi aliyoipenda kama mtoto wake wa kwanza. Shangazi aliila yote, akanywa glasi tatu za maji, akafuta kijasho chembamba kwenye paji la uso.

"Sosi hii, mwanangu," alisema kila Jumatano, "haina mfano."

Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda hivyo, kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake ameridhika.

Yalifichuka siku ya Jumamosi. Mteja mmoja aliyekuwa amemwita Shangazi mjini aliahirisha kazi, na Shangazi akajikuta na njaa na mkoba wa zana begani, hatua mia mbili tu kutoka kwa mwanawe. Alitokea upande wa nyuma, njia ambayo Mama Trei hakuilinda.

Aliposukuma mlango alipigwa na butwaa. Mgahawa ulikuwa umefurika. Meza zote kumi na moja zilikuwa na watu, wanacheka, wanasimuliana, watoto wanamwagiana juisi, na nyuma ya kelele hizo magitaa yalikuwa yakipiga polepole. Kifua cha Shangazi kikajaa. Hii ndiyo kazi yangu, alijiambia. Lakini hakuwa amepiga hatua tatu kabla ya kusimama tena, maana zile hazikuwa spika zake. Besi haikuwepo kabisa. Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye sanduku la pembeni, sanduku alilolipiga msasa kwa mikono yake. Lilikuwa kimya. Akafuata waya kwa macho mpaka kwenye amplifaya na kukuta nyaya zote nane zimechomolewa, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira wa nywele. Muziki ulikuwa ukitoka kwenye dirisha la jikoni, kwenye kiredio chekundu cha plastiki, kile kinachouzwa barabarani pamoja na soksi.

Mama Trei alimwona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akadondosha trei. Kuta zote nne zikajibu.

"Nani?" aliuliza Shangazi. Hakupaza sauti, hakuhitaji.

Mpishi akatoka jikoni na unga mpaka kwenye viwiko. "Shikamoo, Shangazi. Tulikuwa... tunafanya usafi kidogo."

"Marahaba. Usafi gani wa kuchomoa nyaya za watu?"

"Vumbi, Mama," Mama Trei alidakia. "Vumbi lilikuwa limezidi."

Shangazi alimtazama mwanawe. Alikuwa amemlea, alijua kwamba akidanganya masikio yake huwa mekundu, na wakati huo yalishindana na kiredio.

"Wewe na mimi," alimwambia, "tangu lini tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa? Sema."

Mpishi akashusha pumzi. "Zinauma, Shangazi. Spika zinauma masikio. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanaingia, wanakaa dakika kumi, wanaomba wafungiwe chakula waondoke nacho. Tukazichomoa. Jumatano tunazichomeka ukija, ukiondoka tunazichomoa."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

Hasira zilimpanda Shangazi mpaka utosini. Kwa miaka thelathini na tisa hakuna aliyemwambia neno kama hilo, na leo anaambiwa na huyu ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu, mbele ya watu wanaotafuna. Angeweza kuondoka. Lakini mkoba wa zana ulikuwa begani, na ndani yake mlikuwa na kijisanduku anachokitumia kukagulia kumbi, chenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Kinatoa mlio mmoja unaoanza mnene kama ngoma na kupanda taratibu mpaka uwe mwembamba kuliko filimbi. Kina alama kumi na mbili.

"Spika zangu haziumi mtu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na meza zote. "Kinachouma ni hivi vigae vyako, na nitawaonyesha. Jamani, samahanini na chakula chenu. Nataka wote mnyooshe mikono. Mkiendelea kuusikia mlio, mkono ubaki juu. Ukipotea, shusheni. Mtaona kwamba mlio ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Watu wanapenda mchezo, hasa wa bure. Mikono ikanyooka meza zote, watoto wakanyoosha yote miwili. Shangazi alichomeka nyaya nane bila hata kutazama, akaunganisha kijisanduku, akasimama mbele ya amplifaya akiwa amewapa watu mgongo, mkono wake mwenyewe ukiwa juu. Akazungusha. Mlio ukaanza chini, ukapita tumboni, ukapanda. Alama ya tatu, ya nne, ya tano. Laini kabisa. Ya sita ukawa kama uzi. Kwenye alama ya saba ukakatika, kukawa kimya. Akaendelea kuzungusha mpaka ya kumi ili wahakikishe wenyewe kwamba umeisha, akashusha mkono, akageuka akitabasamu.

"Mmeona? Hapo ndipo..."

Mikono yote ilikuwa juu.

Watoto walionyoosha yote miwili sasa walikuwa na mmoja juu na mwingine umeziba sikio. Mama Trei alikuwa amekunja uso kama anang'olewa jino. Mtoto mdogo wa meza ya dirishani alikuwa analia, mdomo wazi, na Shangazi alimsikia akilia vizuri kabisa. Ila mlio unaomliza hakuusikia. Kwake chumba kilikuwa kimya, na watu thelathini walikuwa wamenyoosha mikono ndani ya kimya hicho, wakimsubiri yeye azime.

Akazima. Mikono ikashuka mara moja.

Alikunja waya wa kijisanduku, akakirudisha mkobani, akapita katikati ya meza hadi mlangoni. Mpishi alimfuata mpaka barabarani akiita, "Shangazi! Shangazi, ngoja kwanza," naye akamwonyesha kiganja bila kugeuka, kile kiganja cha kunyamazisha wateja.

Aibu ilimwingia njiani, na niseme wazi kwamba haikuwa ndogo. Hakuwaza mgahawa mmoja. Aliwaza kumbi zote za miaka sita. Bibi harusi aliyekaa jukwaani ameshika masikio, yeye akasema huyo amechoka. Chumba cha kusubiri cha hospitali ambako wagonjwa waliomba kukaa nje, akasema wanataka hewa. Mwalimu mkuu aliyemshukuru kwa spika za ukumbi kisha akaendelea kuwahutubia wanafunzi kwa mdomo mtupu. Wote walimshukuru. Wote walimheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo walimwacha apite mji mzima akiumiza watu. Alikuwa amevilaumu viwanda, kumbe kiwanda kilichochakaa ni kile anachokibeba kichwani.

Alipofika karakana alichukua ngazi na kisu cha kukwangulia rangi. Kama hana sikio, hana haki na maandishi yale mlangoni. Alipanda, akaweka kisu kwenye herufi ya kwanza, akakwangua kipande cha ukubwa wa punje ya mchele.

Kisha akasita. Aliingia kwa mwanawe leo, na ndani ya hatua tatu alijua kwamba besi haipo. Watu wote waliokuwa mle, na masikio yao mazima, wamekaa wiki kumi na mbili bila besi na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nani alikuwa kiziwi hapo? Chini hakuna wa kumfikia, hata sasa. Katikati hakuna wa kumfikia. Kilichopungua ni juu, kuanzia alama ya saba. Na yeye alishawahi kuvunjikiwa na bisibisi katikati ya kazi. Hakufunga karakana siku hiyo. Aliazima ya jirani.

Akashuka, akafunga kisu.

Jumatatu mgahawa hufungwa. Saa mbili asubuhi Mpishi aliyekuja kusafisha jiko alimkuta Shangazi ameketi kwenye ngazi ya mlango, na pembeni yake magodoro mawili ya sponji yaliyokatwa vipande, bunda la kitambaa, na mfuko wa kandambili kuukuu.

"Shangazi," alianza. "Kuhusu juzi, mimi nilitaka kusema..."

"Hukutaka kusema. Ungetaka ungesema miezi mitatu iliyopita. Fungua mlango, nina kazi."

"Umekasirika?"

"Sana. Nimekasirika tangu Jumamosi saa saba, na nitaendelea mpaka jioni. Shika hili godoro."

Walifanya kazi pamoja kama hawajawahi kufanya tangu utotoni mwake. Vipande vya sponji walivivika kitambaa na kuvining'iniza darini, ili sauti ikipanda ipate mahali pa kupumzika badala ya kurudishwa na vigae. Ukuta wa sampuli Shangazi aliuacha, akijua mwanawe anaupenda. Kandambili alizikata viduara na kuvibandika chini ya miguu ya viti vyote arobaini na nne, na viti vilivyokuwa vikikwaruza sakafu sasa viliteleza kimya. Spika alizishusha kidogo na kuzigeuza zisitazame masikio ya walaji moja kwa moja. Kila moja aliigusisha betri. Karatasi nne ziliruka mbele, zote nne.

"Kuhusu vigae nilikuwa sahihi," alisema. "Hilo uliweke kichwani."

"Nimeliweka, Shangazi."

"Haya. Sasa kaa hapo katikati."

Mpishi akakaa. Shangazi akachomeka flashi, tarumbeta zikaanza, akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti nyembamba.

"Kuanzia hapa mimi sioni njia," alisema. Lilimtoka kwa shida, lakini lilimtoka. "Wewe ndiye utakuwa sikio langu. Ikikuuma, nyoosha mkono."

"Mimi? Shangazi, mimi sijui sauti. Ulinifundisha miaka saba nikashindwa, unakumbuka mwenyewe ulivyonifukuza."

"Chumvi unaijua?"

"Chumvi naijua."

"Basi hii ni chumvi. Niambie tu imezidi au imepungua. Na leo ukinionea aibu nakupiga na hii kandambili."

Mpishi akafumba macho, kama afanyavyo akionja. Mkono wake ulinyooka kabla wimbo haujafika ubeti wa pili. Shangazi akashusha. Mkono ukabaki juu. Akashusha tena, na tena, akipita alama alizozipandisha mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka ule wa kwanza alipoanza kulaumu viwanda.

"Bado imezidi," Mpishi alisema. "Bado. Inakaribia. Punguza kama kidole kimoja. Hapo! Hapo hapo, Shangazi, usiguse."

Mkono ukashuka mapajani.

Shangazi akasikiliza. Kwake tarumbeta ilikuwa imerudi chini ya shuka. Ilikuwa mbali, imefifia, na kila mshipa wa ufundi wake ulimsukuma aipandishe, japo kidogo, japo kwa unywele. Alimtazama mwanawe. Uso wa Mpishi ulikuwa umelegea, kichwa kinakwenda na magitaa, na mguu wake, mguu wa yule mtoto asiye na sikio hata la dawa, ulikuwa unapiga mdundo sakafuni bila kukosea. Shangazi hakuwahi kumwona akisikiliza muziki. Alikuwa amemwona akiuvumilia tu.

Aliondoa kidole kwenye kitufe. Akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari pembeni yake, na chini ya mstari akaandika: Asiguse mtu, hata mimi.

Jumatano saa sita alitokeza kwenye kona ya barabara kama kawaida. Mama Trei alikuwa mlangoni na trei zake mbili. Hakukimbia. Alisimama pale pale akamwamkia, na kabla hajaulizwa akasema, "Leo ukae ile meza ya pembeni, Mama, nyingine zimejaa."

Shangazi akakaa. Besi yake ilikuwa inapita chini ya meza kama inavyotakiwa, akaihisi kwenye nyayo. Hapakuwa na mtu aliyekaza mabega. Meza ya jirani mzee mmoja na mkewe walikuwa wakibishana kuhusu rangi ya mapazia, taratibu, bila kurudia maneno. Kiredio chekundu kilikuwa kwenye rafu ya jikoni, kimezimwa. Shangazi alikuwa ameshawatumia ujumbe mwalimu mkuu na watu wa hospitali kwamba anapita wiki ijayo kurekebisha kazi yake mwenyewe bila malipo, na kwamba wamwandalie mtu mmoja mwenye masikio mazuri na asiye na adabu.

Mpishi akaja mwenyewe na sahani, akiwa ameng'aa uso. Akaweka zile chapati za kukunja, akaweka bakuli la sosi ya kijani, akavuta kiti akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mgahawa ukiwa umejaa.

"Haya, Shangazi. Onja. Leo nimeisaga asubuhi hii hii."

Shangazi akachovya kipande cha chapati, akakitia mdomoni, akatafuna. Machozi yakaanza kumlenga. Glasi ya maji ilikuwa karibu, na yale maneno ya kila Jumatano yalikuwa tayari kwenye ulimi.

Aliyameza. Akamtazama mwanawe usoni, akanyoosha mkono juu kabisa, na hakuushusha mpaka Mpishi alipoacha kucheka na kuliondoa bakuli mezani.